Chagua mada kwanza, kalamu na kamera zitafuata

Swali ninaloulizwa zaidi na wadogo zangu wanaotoka vyuo vya habari ni hili: nishike uandishi, uhariri au upigaji picha? Kwa mtu anayejiajiri mtandaoni, hapa Tanzania au hata kwa majirani zetu Kenya, swali hilo limekaa upande. Soko letu bado ni dogo, utajikuta unafanya yote matatu upende usipende. Cha kuchagua ni mada. Yangu ni kilimo cha kusini, korosho hasa, na sehemu nzuri ya kodi ya nyumba yangu imelipwa na zao hilo ingawa sina hata mkorosho mmoja.

Msimu wa kuuza korosho unafunguliwa Oktoba, na kila chumba cha habari Dar es Salaam kinataka habari ya mnada wa kwanza. Mgeni akifika Mtwara anaanza kueleweshwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kijijini, zinapimwa na kusafirishwa hadi ghala kuu, wanunuzi wanapeleka bei zao mnadani, kisha mkulima analipwa kupitia benki baada ya makato. Kufika hapo siku yake imeisha. Wewe unayeyajua hayo unaanzia kwenye makato yenyewe: kila shilingi imekwenda wapi, na kwa nini AMCOS mbili za kata moja zimewalipa wakulima wao kwa tarehe tofauti. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuisomba, hotuba kila mtu aliweza kuitafsiri. Waliokuwa adimu ni watu wa kueleza biashara ya kangomba, ile ya kununua korosho kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, inavyokwenda na kwa nini uhakiki wa mashamba unachelewesha malipo.

Nauli ya kwenda Newala ni ile ile, uwe unafuata makala moja au kazi nne. Kwa hiyo kabla sijakata tiketi huwa nimeshazungumza na wateja wawili watatu: gazeti linalotaka makala, shirika linalohitaji picha za ripoti ya mwaka, labda kampuni ya pembejeo inayotaka maelezo mafupi ya kuweka kwenye kurasa zake. Hapo nina sharti moja ambalo silivunji: aliyenilipia usafiri hawi mada ya makala ya gazeti bila mhariri kuambiwa. Vijana wengi wanaliona jambo dogo. Mhariri akiligundua mwenyewe hata hatagomba, ataacha tu kupokea simu zako.

Kwenye picha, msihangaike mapema na bei ya kamera. Simu nzuri inatosha kwa kuanzia. Chukua mfano wa mama anayebangua korosho kwa mkono. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta viganjani. Mgeni wa kazi hii anapiga uso wa mama akitabasamu, anashukuru, anaondoka. Mimi nataka picha ya mbali inayoonyesha banda na watu wote, ya kati inayomwonyesha yeye na kazi iliyo mbele yake, na ya karibu kabisa ya vidole vilivyoshika korosho, majivu yakionekana hadi kwenye kucha. Ukimpelekea mhariri picha za umbali huo wote, anaupanga ukurasa mzima bila kukupigia simu. Jua likiwa nyuma yake, uso utatoka mweusi tii. Zunguka wewe, si yeye, au gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe pale.

Kabla hujaondoka, andika jina lake kama anavyolitaja mwenyewe, kijiji, tarehe na alichokuwa akifanya. Muulize picha anaruhusu itumike wapi. Jioni hiyo hiyo ingiza maelezo hayo ndani ya faili lenyewe, programu nyingi za picha zina sehemu yake. Picha isiyo na maelezo, ikikaa miaka mitatu inakuwa picha ya mama yeyote wa popote, na mhariri makini hainunui. Na tafadhali, msitume picha ya kazi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa mpaka inapoteza ubora. Itume kama dokumenti, au ipandishe mahali na umpe mteja kiungo. Mteja wa kitabu atakudai faili halisi, na "nililifuta, simu ilijaa" si jibu la kumpa mtu anayekulipa.

Uhariri ndio unaonilisha masika, wakati magazeti hayana hamu ya korosho. Kazi yenyewe haina sifa, jina lako halitoki popote, lakini wateja wake ni wa kudumu. Watu wanadhani ni kupachika mkato na nukta, kumbe muda mwingi unakwenda kwenye kutilia shaka. Taarifa ya Kiingereza inasema kikao kitaanza 9:00. Aliyetafsiri anaandika "saa 9 asubuhi", na wajumbe wanabaki kujiuliza kama wanatakiwa alfajiri au alasiri. Ripoti inasema tani 400 ziliuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo zikaingiza shilingi milioni 120. Chukua kikokotoo: ni bilioni 1.2. Ukikamata kosa la namna hiyo kabla ya kuchapishwa, meneja wa chama kikuu cha ushirika atakukumbuka kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwandikia sentensi tamu.

Siku hizi kazi nyingi zinaletwa zikiwa zimetafsiriwa na mashine, na mteja anasema "pitia tu haraka haraka". Usitaje bei kabla hujasoma kurasa tatu za katikati. Za mwanzo huwa mtu ameshazilainisha kwa aibu. Mara nyingi utakuta ni kazi ya kuandika upya, basi ilipwe hivyo. Weka Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA karibu, na kwa kila mteja fungua orodha ya maamuzi: tunaandika AMCOS au chama cha msingi, tarakimu au maneno, Mheshimiwa au jina tupu. Orodha hiyo ikishakomaa, mteja anaona tabu kukuhama.

Mnaoona aibu kuchanganya kazi, someni habari za Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa na umri wa takriban miaka 20. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Lakini mtu huyo huyo alipiga picha mnato, akapiga filamu, na kampuni yake ikachapisha vitabu vya picha na jarida la abiria la Ethiopian Airlines. Huku kwetu Issa Michuzi alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti alipofungua blogu yake mwaka 2005, wakati wengi wa wenzake hawakuona mtandao una faida gani. Kwa Amin mimi navutiwa zaidi na maktaba: alifariki mwaka 1996, na picha zake zinatumika hadi leo.

Maktaba ya namna hiyo haijengwi na mtu anayegawa haki zake kila anapolipwa. Mkataba useme mteja ananunua matumizi gani: ripoti ya mwaka huu tu, tovuti yake, kwa miaka mingapi. Bila maandishi, kazi ya kuagizwa inaweza kuishia mikononi mwa aliyeagiza. Akitaka umiliki wote, sawa, ila na bei ipande. Hifadhi kila kitu kwenye diski mbili zisizolala nyumba moja.

Sheria za picha za watu nazo zimekaza. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mtu aliyekwenda kustarehe pale. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei mwaka huo huo. Ukitumwa kupiga picha shuleni, omba kuona idhini ya wazazi. Neno la mwalimu mkuu peke yake halitoshi.

Fedha: chukua TIN, namba ya mlipakodi, mapema, maana mteja mwenye utaratibu hakulipi bila hiyo. Atakukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mdai cheti cha makato, la sivyo utakuja kuhangaika kuthibitisha kwamba ulishakatwa. Kwa mteja mpya anayenituma safari, nusu ya malipo inatangulia. Magazeti hayatakubali hilo na hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo fedha ya gazeti usiipangie kodi ya nyumba. Anayetaka kufungua tovuti yake ya habari asome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: leseni ilianza kudaiwa mwaka 2018, na kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo.

Kwa kutafutia kazi huhitaji tovuti kubwa. Ukurasa mmoja unatosha: makala zako mbili tatu zilizobeba picha zako mwenyewe, na ukurasa mmoja uliouhariri, ulivyokuwa na ulivyotoka, mteja akiwa ameridhia na majina yakiwa yamefichwa. Huo wa mwisho ndio wateja wangu wengi huuliza kwanza.