Kamera au mtaro kwanza? Majibu kwa wasomaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi kuhusu ubia wa jiji mahiri

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: kaunti na kampuni za kibinafsi zinapoungana kujenga jiji mahiri, yaani jiji linaloendesha huduma zake kwa teknolojia, nani analipa, nani anabeba hasara na nani anabaki na funguo. Tumezifupisha barua. Majina tumeyaacha kwa makusudi.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Mbona kila tukitajiwa jiji mahiri tunaonyeshwa kamera na intaneti ya bure, ilhali mvua ikinyesha maji ya mlima Menengai yanatuingilia nyumbani? (Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru)

Kwa sababu kamera huonekana siku ya uzinduzi, na mtaro ukishafukiwa hauonekani. Lakini sheria iko upande wako. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengewa jambo lolote lililo nje ya mpango. Kaunti ina mpango wake wa miaka mitano, na jiji linatakiwa kuwa na mpango wake unganishi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Ukisikia mradi wowote wa kidijitali, uliza uko katika ukurasa gani wa mipango hiyo, umetengewa shilingi ngapi na mwaka upi. Usipokuwemo, hauna haki ya senti hata moja.

Kwa Nakuru, umahiri ungeanzia chini ya ardhi. Udongo wa volkano huliwa na maji yanayopenya, na mipasuko mingi ya ardhi hufunguka baada ya mvua kubwa. Basi cha kwanza ni kupima mitaro yote: mwinuko, upana, inakomwaga maji. Bila vipimo hivyo, kihisio, yaani kifaa cha kupima kina cha maji, kitakutumia namba ambazo hakuna anayejua maana yake. Ramani ikishapatikana, vihisio vichache kwenye makalvati yanayoziba mara kwa mara vinatosha. Kisha lazima kuwe na dawati lenye watu wa zamu, gari na mafuta. Tahadhari inayolia saa nane za usiku bila mtu wa kutoka ni kelele tu.

Mtaro unapochimbwa ndipo ubia unapoweza kuingia kwa faida. Kaunti ilaze mabomba matupu ya plastiki ya kupitishia nyaya, ya milimita 110 kando ya mtaro, yenye mashimo ya ukaguzi kila baada ya mita mia hivi, iyamiliki yenyewe na kuyakodisha kwa kampuni za intaneti. Barabara inachimbwa mara moja, na kodi inaingia kila mwaka. Kila kampuni ikiachiwa ichimbe kivyake, lami mpya itakatwa mara nne na mabomba ya maji yatapasuliwa kila mara.

Mwekezaji amekuja ofisini na pendekezo kamili la jiji mahiri. Hatukumwita, na anataka tutie sahihi hati ya maelewano kabla ya mwisho wa mwezi. Tufanyeje? (Afisa wa mipango, Magharibi)

Pendekezo lisiloitwa si kosa. Sheria ya Ubia ya 2021 inaliruhusu na kuliwekea njia yake. Mwenye pendekezo hulipia ada ya kulikagua, na upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unawezekana na unalipa, hufanywa kwa gharama yake. Kurugenzi ya Ubia katika Hazina ya Kitaifa hulichunguza: je, umma unalihitaji, bei ni ya haki, hatari zimegawanywa sawasawa? Bunge la kaunti lazima liidhinishe. Hatua hizi haziwezi kwisha ndani ya mwezi mmoja, na anayekuharakisha anajua hivyo.

Hatari iko kwenye hiyo hati ya maelewano, ambayo wengi huiona kama karatasi ya heshima tu. Itafute sentensi inayompa mwekezaji haki ya peke yake. Ikiwemo, kaunti haiwezi kuzungumza na mtu mwingine yeyote kuhusu kazi hiyo, na mwekezaji asiye na pesa anaweza kuikalia miaka mitatu akitafuta wa kumuuzia. Kama ni lazima mtie sahihi, wekeni muda wa miezi sita usiojirefusha wenyewe, mwandike wazi kwamba kila upande unabeba gharama zake, na mfute haki ya peke yake. Mwanasheria wa kaunti aisome kabla ya gavana, si baada ya picha kupigwa.

Kampuni inataka kutuwekea mfumo wa maegesho mjini bila kulipwa chochote mwanzoni. Yenyewe itakata asilimia 30 ya makusanyo. Si ni nafuu kwetu? (Mwakilishi wadi, Kisumu)

Mheshimiwa, anza na Katiba. Kifungu cha 207 kinataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Mfumo unaomkatia mkandarasi fungu lake kwenye simu ya dereva, kabla pesa hazijafika kwenye Mfuko huo, una kasoro tangu siku ya kwanza. Pesa zote ziingie kwanza, kisha mkandarasi alete hati ya madai alipwe.

Pili, asilimia ya makusanyo haina dari. Leo kaunti inakusanya kidogo, kwa hiyo 30 haiumi. Kesho mkiongeza ada au magari yakizidi, mkandarasi analipwa zaidi kwa jasho ambalo si lake. Ni afadhali ada ndogo isiyobadilika kwa kila muamala, au asilimia inayoshuka makusanyo yanapopanda.

Tatu, urefu wa mkataba. Hapa mfano mkubwa ni Chicago, Marekani. Mwaka 2008 jiji hilo lilikodisha mita zake za maegesho zipatazo 36,000 kwa miaka 75, likalipwa dola bilioni 1.15 kwa mkupuo. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji aliandika kwamba thamani halisi ilizidi malipo hayo kwa dola milioni 974 hivi. Sehemu kubwa ya pesa ilitumika katika miaka michache ya mwanzo. Lakini kilichoumiza zaidi ni kwamba jiji linapofunga barabara yenye mita, hata kwa ukarabati, linadaiwa fidia na kampuni. Fikirieni kifungu cha namna hiyo Kisumu, siku mtakapotaka kugeuza sehemu ya Barabara ya Oginga Odinga kuwa ya watembea kwa miguu, au kuhamisha stendi ya matatu. Mngekuwa mnanunua barabara yenu wenyewe. Kwa mfumo wa programu tu, usio na jengo, miaka mitatu hadi mitano inatosha.

Jambo la nne husahaulika, nalo ndilo hukwamisha kaunti mkataba unapokwisha: kuondoka. Andikeni kwamba kumbukumbu zote za malipo ni mali ya kaunti, kwamba nakala kamili itakabidhiwa kila mwezi kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, na kwamba kutakuwa na miezi sita ya makabidhiano. Nenosiri kuu la mfumo likae na maafisa wawili wa kaunti walioajiriwa, kamwe lisikae kwa mkandarasi peke yake. Namba ya gari nayo ikiunganishwa na simu ya mwenyewe ni data ya mtu binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ikivuja, kamishna wa data hupewa taarifa ndani ya saa 72. Mkataba useme nani anatoa taarifa hiyo, kwa sababu siku ya kuvuja kila mtu humnyooshea mwenzake kidole.

Inawezekana kweli kubadilisha taa zote za barabarani bila kaunti kutoa pesa? (Mfanyabiashara, Nakuru)

Inawezekana, ikiwa hesabu ni ya kweli. Tuseme jiji lina taa 1,000 za sodiamu za wati 250, zinazowaka saa 12. Kila usiku zinakula uniti 3,000 za umeme. Zikiwekwa za LED za wati 100, zinakula 1,200. Uniti 1,800 zinaokolewa kila usiku, sawa na 657,000 kwa mwaka. Mbia ananunua na kufunga taa, kisha analipwa kutoka kwenye bili iliyopungua kwa miaka kadhaa.

Mpango huharibikia kwenye msingi, yaani bili ya zamani ambayo akiba hupimwa dhidi yake. Kama taa 400 kati ya zile 1,000 zilikuwa zimekufa, bili ya zamani ilikuwa ya taa 600 tu. Taa mpya zote zikiwaka, akiba inayoonekana kwenye bili ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa, na kaunti itadaiwa pesa ambazo haikuziokoa. Kwa hiyo hesabuni taa usiku, nguzo kwa nguzo, kabla ya kusaini, na mkubaliane msingi kwa maandishi. Malipo pia yafungwe na mwanga: taa iliyozimika zaidi ya saa 48 ikatwe kwenye malipo ya mwezi huo.

Tunaambiwa mbia wa kibinafsi ndiye anayebeba hatari. Mbona mwishowe mlipa ushuru ndiye anayelia? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kakamega)

Kwa sababu hatari hugawanywa na mwenye nguvu mezani, badala ya kupewa anayeweza kuidhibiti. Mgawanyo uliofikiriwa vizuri mtauona Menengai, juu ya Nakuru. Huko mvuke wa chini ya ardhi huzalisha umeme, na kuchimba kisima chake ni kamari ya gharama kubwa, kwani unaweza kufika chini kabisa ukakosa mvuke. Hakuna mkopeshaji wa kibinafsi angeibeba kwa riba nafuu. Shirika la serikali la jotoardhi, GDC, likachimba, kuanzia 2011, na kampuni tatu za kibinafsi zikapewa nafasi ya kujenga mtambo wa megawati 35 kila moja na kununua mvuke huo. Ujenzi, ufanisi wa mitambo na mikopo ni juu yao. Hata hivyo mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme 2023 tu: mvuke ulitangulia, mikataba na mikopo ikachelewa. Visima vilivyo tayari havilipi deni vikisubiri sahihi.

Sasa linganisha na mikataba ya taka inayopigiwa debe katika miji yetu. Kampuni inajenga mtambo wa kuchoma taka kuzalisha umeme, na kaunti inaahidi kuleta, tuseme, tani 200 kila siku, zisipofika ilipe faini. Nani anadhibiti tani hizo? Malori ya kaunti yanayoharibika. Na taka zenyewe ni za aina gani? Za masoko kama Kibuye la Kisumu, maganda ya ndizi, mabaki ya sukuma wiki na samaki, maji matupu. Taka mbichi hula joto lake lenyewe kujikausha kabla ya kuwaka. Kaunti inabeba hatari ya wingi, kisha inabeba na ya ubora. Kwa taka kama hizo mboji, gesi ya samadi au funza wa kulisha kuku ni njia zenye mantiki zaidi, na mtaji wake ni mdogo. Kampuni ya maji ya Nakuru, NAWASSCO, imeonyesha hata kinyesi kinaweza kukaushwa, kugeuzwa makaa na kufinyangwa kwa molasi kuwa vipande vya kupikia.

Mkopo wa mbia ukiwa wa dola, kuna ubaya? (Kisumu)

Upo. Wananchi wanalipa kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, mbia ataomba ada ipande au kaunti ifidie. Na kaunti haiwezi kukopa ovyo: Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Ahadi ya kufidia dola ni deni lililojificha, na inapaswa kuandikwa kwenye vitabu kama madeni mengine.

Sisi ni kikundi cha vijana Nyalenda. Ubia ni wa makampuni makubwa tu? (Kisumu)

Ndugu zetu, mfano bora wa ubia mdogo uko mtaani kwenu. KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ilipochoka na mabomba yaliyotandazwa kama mizizi, yakivuja na kuunganishwa kwa wizi, iliweka bomba kuu pembezoni mwa mtaa na chemba yenye mita ya jumla. Kikundi au mtu wa mtaani anasaini mkataba, ananunua maji kwa bei ya jumla, anatandaza mabomba madogo, anawauzia majirani, anakusanya pesa na kuziba mivujo. Kampuni inasoma mita moja badala ya mia.

Lakini pigeni hesabu kabla ya kuingia. Kwa bei za mfano tu: mkinunua mita za ujazo 1,000 kwa shilingi 40, deni ni 40,000. Mkiuza kwa 60 na asilimia 30 ikapotea njiani, mnauza 700 na kupata 42,000. Mshahara, vifaa na nauli vitatoka kwenye shilingi 2,000 hizo. Upotevu ukishuka hadi asilimia 10, mnabaki na 14,000. Faida yenu iko kwenye viungo vya bomba na mita za nyumbani, wala si kwenye kupandisha bei. Hapo ndipo teknolojia inawafaa: orodha ya mita kwenye simu, zikisomwa siku ileile mita ya jumla inaposomwa, ili pengo lionekane kabla ya mwezi kwisha. Na kwenye mkataba dai jambo moja: bomba kuu likikauka siku kadhaa, kusiwe na malipo ya chini yanayoendelea kuhesabiwa.

Mwananchi wa kawaida anaupataje mkataba wenyewe? (Bungoma)

Andika barua kwa ofisi husika chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria inaruhusu ombi kwa Kiswahili, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Ukinyamaziwa au kukataliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Usiombe "habari kuhusu mradi", maana utatumiwa taarifa ya wanahabari. Taja jina la mradi, mwaka, na omba mkataba pamoja na viambatisho. Kurasa za mbele huwa na maneno mazuri ya ushirikiano. Jedwali la malipo, vipimo vya huduma na fidia ya kuvunja mkataba hukaa nyuma kabisa, na hayo ndiyo ya kuomba kwa jina.