Mimi nangoja Jumatatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: uwanja wa gofu wa wanachama pekee ukifunguliwa karibu na kwenu, mtausubiri kwa hamu au kwa wasiwasi? Nililisoma swali hilo kwa sauti barazani kwetu Maweni, Malindi, na laiti ningejua, ningelikunja gazeti. Kahawa haijapoa, uwanja usiokuwapo ulikuwa umeshaajiri mtaa mzima. Huyu bawabu, yule tuktuk ya kuleta wageni, na ami yangu, ambaye hata fimbo ya gofu hajaishika, alikuwa ameshagombana na meneja.

Nilinyamaza kwa sababu kazi ile naijua. Nimekuwa kedi, yaani msaidizi wa mchezaji wa gofu, miaka sita. Watu hudhani ni kubeba mkoba tu. Mpira una uzito wa gramu 46 hivi, shimo lina upana wa milimita 108, na kati ya viwili hivyo kuna upepo. Upepo wa kusi ukimjia usoni, mgeni anachomoa fimbo namba 8, nawe unamwambia taratibu, bwana, shika 6, inayopeleka mpira mbali zaidi. Akikataa, mpira unazama mchangani na lawama ni zako. Akikubali, sifa ni zake. Lakini hapo ndipo mtoto wa mvuvi anapomshinda aliyesomea.

Desemba 2019 Esther Henseleit wa Ujerumani alitwaa kombe la gofu la wanawake pale Vipingo, katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Niliwauliza wa barazani nani anakumbuka. Kimya.

Kinachonitia wasiwasi ni maji. Mabomba yetu yanategemea visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na maji hayo hayo yanakwenda Kilifi hadi Mombasa. Lakini kuna nyasi ziitwazo paspalamu zinazostahimili maji ya chumvichumvi, kwa hivyo anayetaka kumwagilia uwanja wake bila kugusa ndoo za watu wa Maweni, njia anayo. Hilo nitamwuliza meneja, ami akishamaliza ugomvi wake.

Na hayo ya "wanachama pekee" hayanikoseshi usingizi. Klabu nyingi za Kenya zina desturi ya kuwaachia makedi uwanja siku ya Jumatatu. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walitokea huko, wakianza kwa kubeba mkoba wa mtu mwingine. Mimi nilichelewa, nilipoanza kuupiga mpira ukanyooka, mgongo ulikuwa umeshaniambia basi. Ila nina mpwa wangu wa miaka kumi na minne. Anachapa vidaka vya mnazi kwa kigongo cha mkwaju kule nyuma ya nyumba, na mama yake analalamika kwamba kila kimoja kinaangukia bati la jirani, palepale, kila siku.

Kwa hivyo wakifungua, siku ya kukata utepe wasinitafute. Nitakwenda Jumatatu, pamoja naye, saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka.