Akili haijaharibika mwalimu, ni nikotini inadai

Swali la wiki hii lilitoka kwa mwalimu wa huko Bungoma. Anasema ameacha sigara, kifua kimeanza kuwa chepesi lakini kichwa ndio kimekataa, anasoma aya moja mara tatu haiingii, karatasi za wanafunzi zimemlalia mezani, na anauliza hii hali inaisha lini ama arudie tu ile moja ya asubuhi ndio aweze kufanya kazi. Mi nauza spea za magari hapa Nakuru na hiyo hali naijua vizuri sana, kwa hivyo wacha nianze na hilo la mwisho: mwalimu wangu, usirudie. Hata hiyo moja.

Watu wakiongea kuhusu kuacha sigara wanaongea juu ya hamu na hasira basi. Hamu niliitarajia, nikajipanga nayo. Ya kichwa hakuna mtu aliniambia. Na kazi yangu yote iko kichwani, fundi anaingia anasema nipe breki padi za mbele za Probox na bushi za stabilaiza, natakiwa nijue ni rafu gani, boksi gani, jenuini inaenda ngapi na ile ingine ngapi, kabla hajamaliza kuongea. Zile siku za kwanza nilikuwa nasimama mbele ya rafu, boksi liko mkononi, naangalia namba iliyoandikwa pale pembeni, naiona vizuri kabisa, lakini haishikani na kitu chochote. Fundi anangoja kwa kaunta na gari ya mtu iko juu ya jeki. Sasa hapo ndani kuna kitu kinakwambia toka nje kidogo, pafu mbili tu, utarudi umechangamka. Naamini wengi wanaorudia sigara hawarudii kwa utamu, wanarudia kwa sababu ya kazi, mtu anaogopa bosi ataona amezubaa na nyumbani kuna watoto wa kulishwa. Mtu kama huyo asiitwe mdhaifu, tafadhali.

Kilichonisaidia kwanza ni kuelewa. Kuna sista wa kliniki alinikalisha chini akanieleza pole pole. Ukivuta, nikotini inafika kwa ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, inashika vipokezi vya huko, yaani vile visehemu vya seli vinavyopokea ujumbe, ambavyo vinahusika na umakini. Ukivuta kwa miaka ubongo unaongeza idadi ya hivyo vipokezi. Halafu nikotini yenyewe haikai, kila baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshatoka kwa damu. Kwa hivyo mvutaji akikaa kidogo tu vipokezi vinaanza kudai, kichwa kinalegea, anawasha ingine, kichwa kinarudi, anasema si mnaona, sigara inafungua akili. Kumbe imefungua kile ilichofunga yenyewe! Na ile ya asubuhi inaonekana ya maana kuliko zote manake umelala usiku mzima bila. Mimi hapo ndio niligeuka kabisa, nikaona huo uzito wa kichwa ni deni linalipwa, na kila pafu ni kukopa upya kwa yule yule.

Sasa inaisha lini. Siku za kwanza 2, 3 ndio hali hupanda sana, wiki ya kwanza ni ngumu, halafu kwa watu wengi inashuka ndani ya wiki 2 hadi 4. Waliopiga picha za ubongo waliona vile vipokezi vinarudi kiwango cha mtu asiyevuta kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kwa hivyo ukifika wiki ya tano bado unasahau umeweka kalamu wapi, hujaharibika. Tena haishuki sawasawa, unaweza kuamka Jumanne uko freshi na Jumatano ukarudi pale pale, usikate tamaa kwa hiyo Jumatano.

Kuna jambo la kahawa na chai ambalo watu hawalijui na mi naona ndio linawamaliza wengi. Moshi wa sigara, si nikotini, ni ule moshi wenyewe, unafanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi mwendo wake wa kawaida, kwa hivyo vile vikombe ulivyozoea sasa vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Na wewe kwa sababu kichwa ni kizito unaongeza vikombe! Matokeo yake moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku usingizi hakuna, asubuhi kichwa ni kizito zaidi, na lawama zote zinaenda kwa kuacha sigara. Punguza hadi nusu, na baada ya saa nane mchana wachana nayo kabisa. Mi nilipopunguza ndio nikalala, na nilipolala ndio namba za maboksi zikaanza kurudi. Muguka na jaba pia, najua wengine hawatapenda nikisema, lakini hizo na sigara ni pete na kidole, ukitafuna tu mkono unaanza kupapasa mfuko wa shati, na usingizi ndio hivyo tena umeenda.

Mdomo upe kazi ingine. Huko kwenu miwa iko tele, kata vipande vidogo ukae navyo, lakini si kutwa nzima, meno nayo ni yako. Na ukisikia kichwa kimeganda, tembea kwa haraka dakika kumi hivi, zunguka uwanja wa shule, hiyo inatuliza hamu na unarudi umeamka kidogo.

Dawa pia ziko. Chingamu na bandiko za nikotini ziko kwa orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, kwa hivyo usione haya kumuuliza mfamasia. Hiyo chingamu lakini haitafunwi kama Big G. Unatafuna pole pole hadi usikie inawasha, unaisimamisha kati ya shavu na fizi, ikipoa unatafuna tena, na usinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla yake manake haitaingia vizuri.

Kitu kinaniuma ni zile za kuuzwa moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imekataza, pakiti iwe na sigara 10 kwenda juu, lakini kila kibanda unapewa moja na kiberiti juu. Mtu anayeacha akiwa na kichwa kizito anahitaji shilingi chache tu kuanguka. Badilisha njia ya kwenda shule kama kuna kibanda chako, nakuomba.

Kuna watu wasingoje. Kama unatumia klozapini au olanzapini, hizo dawa za magonjwa ya akili, mwambie daktari wako unaacha sigara, ikiwezekana kabla hujaacha, kwa sababu ule ule moshi unazivunja nazo na dozi inaweza kuwa kubwa kwako bila kuongezewa. Kama wiki zinapita na uzito wa kichwa umekuja na huzuni, hutaki kuamka, hutaki watu, nenda hospitali, hiyo si nikotini peke yake. Na kuchanganyikiwa kwa ghafla, mdomo kupinda ama mkono mmoja kuisha nguvu, hiyo ni kukimbizwa emajensi saa hiyo hiyo.

Kuhusu karatasi zako. Nilikuwa naandika kila kitu kwa kijitabu, hata oda ya mtu amesimama mbele yangu, na nikamwambia kijana tunayefanya naye kazi arudie bei kabla hatujapokea pesa. Wewe mwambie mwalimu mwenzako unaacha sigara, akupitishie macho jumla za alama. Sahihisha asubuhi, na usimalize karatasi moja moja, chukua swali la kwanza kwa darasa lote, halafu la pili kwa darasa lote, ndio jibu moja tu likae kichwani kwa wakati mmoja.