Jibu: Hizo video mbili zote ni za Uturuki?

Mkuu, hujakosea. Ngoma zote mbili ulizoona ni za Uturuki, ila mikoa ni tofauti kabisa.

Ile ya kwanza, watu wameshikana mikono na mabega yanatetemeka kama wamepigwa shoti, ni horon ya pwani ya Bahari Nyeusi, huko Trabzon na Rize. Kale kafidla kembamba kanakoshikwa wima ni kemençe. Kana nyuzi tatu, na mpigaji mara nyingi hugusa mbili kwa pamoja, ndiyo maana kanakwaruza vile. Mapigo yake huhesabiwa saba: mbili, mbili, tatu. Mimi hupotea kabla ya mzunguko wa pili! Wengi husema mtetemo ule ni wa hamsi, dagaa wao, anavyopapatika wavuni.

Yule mzee wa video ya pili, anayetandaza mikono kama tai kisha anapiga goti chini, anacheza zeybek ya magharibi, upande wa İzmir na Aydın. Mapigo ni tisa, na mzee hana haraka na mtu.

Tafuta pia halay ya mashariki: mstari mrefu, vidole vidogo vimefungamana, kiongozi anapunga leso. Davul, ngoma yao kubwa, hupigwa kwa gongo nene upande mmoja na kifimbo chembamba upande wa pili. Inafuatana na zurna, ndugu wa zumari ya pwani yetu. Kama umewahi kusikia zumari Lamu, sauti hiyo haitakuwa ngeni kwako.