Pipa la mwaloni si mtungi wa viungo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu amerudi kutoka Madrid akaniletea chupa mbili za divai nyekundu ya shamba la Finca Élez. Zimeandikwa crianza, yaani divai iliyokomazwa muda mfupi, na ni mchanganyiko wa zabibu za Cabernet Sauvignon, Tempranillo na Merlot. Moja nimeifungua juzi, nikaonja kidogo. Ukakasi ukanishika ulimi mpaka fizi, nikaifunga. Kuna jamaa hapa Mombasa anauza vipipa vya mwaloni vya lita 5, na vijiti vya mwaloni vya kutumbukiza kwenye chupa. Anasema kwa miezi miwili tu crianza inageuka gran reserva, ile iliyokomazwa muda mrefu zaidi. Nichukue kipi? Chupa ya pili nataka kumwekea binti yangu mpaka harusi yake. Sasa ana miaka 6. (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Marahaba. Usichukue chochote. Huyo jamaa simjui kwa jina, ila maneno yake nayajua, maana hakupiti mwezi bila mtu kuniletea maneno hayohayo. Safari hii ni vijiti, mwaka jana ilikuwa unga wa mwaloni kwenye vifuko vya chai.

Wote hao wanakuuzia wazo moja bovu: kwamba mwaloni ni kiungo, kama iliki kwenye chai, ukiongeza inanoga. Ni kweli mbao hutoa harufu: vanila, moshi, karafuu, na mwaloni wa Marekani hutoa hata harufu ya nazi ambayo mtu wa pwani haipotezi. Lakini hiyo ndiyo kazi ndogo ya pipa. Pipa likishatumika miaka minne au mitano harufu yake karibu yote imekwisha, na bado maghala ya Hispania yanaendelea kulijaza divai. Kwa nini? Kwa sababu linapumua. Hewa inapenya kwenye ubao na viungio vyake kidogo mno, mwezi baada ya mwezi, na hewa hiyo ndiyo inayofanya ukakasi wa maganda ya zabibu uungane na rangi, hadi ulimi uuone laini. Wakati huohuo divai inapungua kwa mvuke, na mtunza ghala anapita kuongeza ili pipa lisibaki na nafasi juu. Siku akisahau, anaanza kutengeneza siki.

Sasa chukua kipipa cha lita 5. Pipa la kawaida ni lita 225, yaani chupa 300. Piga hesabu: ukilinganisha lita kwa lita, divai iliyo ndani ya kipipa inaguswa na ubao zaidi ya mara tatu ya ile iliyo kwenye pipa kubwa. Ubao unaimaliza divai kabla hewa haijaanza kazi yake. Na wewe huna hata lita 5, una chupa mbili, tena moja imeshaonjwa! Sehemu kubwa ya kipipa itakuwa hewa tupu, kwenye joto la Kisauni.

Kijiti ni afadhali kidogo tu, maana hakipumui kabisa. Kinatia harufu basi, na ili ukitie lazima ung'oe kizibo, na kizibo kikishang'oka saa imeanza kuhesabu. Wazungu wenyewe wanatumia vipande vya mwaloni kwenye divai za bei nafuu. Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2006. Lakini sheria hiyohiyo inakataza divai ya namna hiyo kuandikwa kuwa imekomaa kwenye pipa. Kule mwenye kiwanda haruhusiwi kusema uongo huo, hapa jamaa anausema kwa mdomo mpana.

Halafu hiyo gran reserva. Si ladha, ni muda uliowekwa na sheria. Kwa divai nyekundu ya Hispania, crianza ni miezi 24 ya kukomaa kwa jumla, angalau 6 ndani ya mwaloni. Gran reserva ni miezi 60, angalau 18 ndani ya mwaloni, iliyobaki mara nyingi ndani ya chupa. Wanaopenda kubishana hunitajia kiwanda cha Vega Sicilia cha Ribera del Duero, hukohuko Hispania, ambacho divai yake iitwayo Único huingia sokoni karibu miaka 10 baada ya mavuno. Sawa. Lakini zabibu za Único huchaguliwa kwa safari hiyo tangu shambani. Anayetengeneza crianza amechagua safari fupi, na hakukosea.

Shamba ndilo lenye neno hapa. Finca Élez iko El Bonillo, Albacete, kwenye safu ya milima ya Alcaraz, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2002 shamba hilo na lile la Dominio de Valdepusa ndiyo yaliyotangulia kupewa hadhi ya Pago, yaani jina la mahali divai inapotoka, linalolindwa na sheria na kuwa la shamba moja peke yake. Kwa kimo hicho hali ya hewa hupoa kama nyuzi 6 kuliko usawa wa bahari: mchana jua linachoma, usiku baridi inaingia, na zabibu inaiva bila kupoteza uchachu. Tempranillo huwahi kuiva, Cabernet huchelewa na kuleta ukakasi, Merlot hulainisha. (Wa Dodoma watasema nao wako juu ya mita 1,000. Kweli, ila mzabibu wao haupati baridi ya kulala, na unavunwa mara mbili kwa mwaka.) Uchachu huo ndio unaobeba divai ndani ya pipa. Zabibu isiyo na uchachu ukiiweka kwenye mwaloni unapata maji ya mbao.

Nina onyo jingine, maana mambo haya hayaishii kwenye vijiti. Nimeshaletewa chupa iliyotiwa maranda ya fundi seremala. Ubao wa mapipa hukaa nje, juani na kwenye mvua, miaka miwili au mitatu kabla ya kupindwa kwa moto. Ubao wa seremala umepitia dawa ya mchwa, gundi na vanishi, na mvule hata vumbi lake humuwasha fundi mwenyewe. Ukiloweka hivyo kwenye kileo cha asilimia 14, kileo kinavitoa vyote, kisha unavinywa. Vivyo hivyo vichupa vya "rojo ya mwaloni" visivyo na jina la mtengenezaji.

Kuhusu ukakasi wako: chupa uliyofungua imalize leo, kama haijaanza kunuka siki. Ya pili, siku ukiifungua, iweke kwanza friji nusu saa, maana nyuzi 30 za Mombasa si joto la divai nyekundu, kisha mimina yote kwenye jagi, iache saa moja. Kunywa na mbuzi wa kuchoma. Nyama inaumeza ukakasi kuliko kijiti chochote.

Harusi ya binti iko mbali mno kwa crianza, tena ukiiweka juu ya kabati la jikoni. Ilaze chini, gizani, mbali na jiko, na uinywe kabla mwaka haujaisha. Mwite na shemeji.