Re: Excel imetushinda, tununue mfumo au tumwajiri dogo atuandikie?

Mkuu, kwa watu 15 na stoo moja msiandikiwe kitu kuanzia sifuri. Sisi ilitukuta, jamaa aliyetuandikia mfumo kasepa na pasiwedi ya seva, wiki nzima tunaandika stoo kwenye kaunta buku kama duka la mangi. Jaribuni ERPNext, ni mfumo wa kuendeshea biashara, wa bure, na uhasibu na stoo vimo humohumo, mishahara mnaongeza Frappe HR juu yake, nayo bure, mnalipia seva na fundi tu. Kuna na Odoo, mfumo mwingine kama huo, ya bure ipo ila uhasibu kamili uko Enterprise, yaani toleo la kulipia, hiyo wanachaji kwa kila mtumiaji. Na kabla hamjahamisha Excel safisheni majina aisee, kwetu "simenti 50kg" na "saruji mfuko" zilikuwa bidhaa mbili 😂