Jogoo wa mnada na kiroba cha mama

Wiki hii mmeuliza: Mkristo aliyeahidi sadaka kanisani, na nyumbani kwake kumepungua, aanze na lipi? Mimi nasema aanze nyumbani. Nasema hivyo nikiwa mzee wa kanisa niliyekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya diakonia ya usharika wetu, kamati inayowagawia wasiojiweza mahindi, sabuni na mafuta.

Mwaka mmoja, Jumapili ya mavuno, ibada ilipokwisha tulitoka nje kwenye mnada. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, maharage, mayai kwenye kikapu. Jogoo mmoja mwekundu, miguu imefungwa kwa katani, aligombewa na wawili hadi akafika shilingi 70,000. Aliyemchukua ni kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na papo hapo akamrudisha auzwe tena. Vigelegele vikapigwa. Na mimi nilipiga makofi.

Jumanne, mama yake mzazi alikuwa wa tatu kwenye foleni ya diakonia. Alikuja na kiroba kitupu, amekikunja mara nne kama mtu akunjavyo kanga, akakiweka mapajani na kukifunika kwa viganja vyote viwili. Tulimpimia kilo 10 za mahindi. Hakumtaja mwanawe, nasi hatukuuliza.

Andiko la 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini", wengi wetu tunalisikia harusini, likielekezwa kwa bwana harusi. Lakini lisome pale lilipo. Kuanzia mstari wa 3 hadi wa 16 Paulo anazungumzia wajane. Mstari wa 4 unasema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio wa kwanza kuwalipa wazazi wao fadhila. Na wa 16 unataka kanisa lisilemewe, libaki na nafasi ya kuwasaidia wajane wasio na mtu. Basi walio wako si mke na watoto tu, ni pamoja na mama uliyemwacha kwenye nyumba ya zamani. Na kilo zile 10 zilitoka kwenye fungu la mwenzake asiye na mtoto hata mmoja.

Yesu naye, katika Marko 7, aliwakemea waliomwambia mzazi kwamba kile ambacho kingemfaa ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wasimtendee tena jambo lolote. Naye msalabani, katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake.

Ila nawasihi wahubiri: mstari huu msimpigie mwanamume anayeamka alfajiri kutafuta kibarua akarudi mikono mitupu. Huyo hajaikana imani. Anayesemwa ni mwenye uwezo aliyeuelekeza kwingine.

Nilimfuata yule kijana dukani kwake, jioni, wateja wamepungua. Nilimweleza taratibu. Akashangaa kweli, akasema, "Mzee, mbona mama hajawahi kuniomba chochote?"

Nikamuuliza mara ya mwisho kufunua chungu chake jikoni ni lini. Alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kufunga duka.